Muulize Fundi: Usiende Kanada na tabia za injini za Salgaa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa trela, kwa miaka nimekuwa nikipiga Mombasa hadi Malaba, naishi hapa Nakuru upande wa Free Area. Nimepata kazi Alberta huko Kanada, naanza Novemba, na walioko huko wananiambia Januari baridi inaweza kushuka hadi -30, na mimi baridi yangu kubwa naijua ni Timboroa tu. Injini nitaipasha aje asubuhi, na usiku nitalala aje kwa kebini? Alafu hapa kwetu mafundi wakitoa themostati gari haichemshi, huko pia nitoe?
Dereva, Nakuru

JIBU: Hongera ndugu yangu. Wacha nianze na hapo mwisho: usitoe! Themostati ni kimlango kinachokaa pale maji ya injini yanaelekea radieta. Injini ikiwa baridi kinafunga na maji yanazunguka ndani tu, ikifika kama digrii 82 hivi kwa lori nyingi ndio kinafunguka. Mafundi wetu hukitoa juu mteja amekuja analia gari inachemsha akipanda Sachangwan, na kutoa ni rahisi kuliko kuosha radieta ama kubadilisha pampu ya maji. Hapa Nakuru utaponea, utachoma tu dizeli zaidi na injini itazeeka haraka. Kwa -30 maji yatapita radieta saa zote, mshale wa joto utalala pale chini, na hita ya kebini nayo inategemea maji hayo hayo, sasa utaendesha ukipulizwa baridi miguuni, na kioo kitajaa barafu kwa ndani uwe unakikwaruza huku unaendesha.

Kitu kingine cha kuacha Nakuru ni maji ya mfereji kwa radieta. Yakiganda yanafura na yanaweza kupasua bloku, yaani mwili wa injini. Weka kulanti, ile dawa ya kuzuia maji kuganda, nusu na maji yaliyosafishwa nusu, hiyo inakufikisha karibu -37. Na usifikirie ukijaza kulanti tupu ndio umejikinga zaidi, ikiwa tupu inaganda mapema, karibu -13.

Sasa asubuhi. Lori za huko zina hita ya bloku, utaona waya unaning'inia mbele kwa grili, hiyo unaichomeka kwa stima na inapasha maji ya injini ukiwa umelala. Stima yao ni volti 120, si 240 kama yetu, kwa hivyo usibebe waya za hapa. Saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka zinatosha, ikiwa kali sana ongeza, na uchomoe kabla hujang'oa, manake dereva kuondoka na waya wa mwenye yadi si hadithi ngeni. Oili yetu hii ya 15W-40 kwa baridi hiyo inakuwa nzito mpaka stata inalia, wenyewe wanatumia 5W-40 ama 0W-40, fuata kitabu cha gari. Betri nayo ikifika -18 inabaki na kama nusu ya nguvu yake, na ikiwa haina chaji inaganda kabisa. Ukifungua swichi, subiri taa ya kupasha izime kwanza ndio uwashe. Na ile itha ya kopo, dawa ya kuwashia injini ambayo watu hupuliza kwa mdomo wa hewa, kama injini ina glo plagi (plagi ya kupasha silinda) ama hita ya hewa usiguse, inaweza kukulipukia.

Kulala. Usiache injini ikinguruma usiku mzima. Inakunywa kama lita 3 kwa saa, na kwa baridi ile injini ya pole pole haipati moto wa kutosha, dizeli haichomeki yote, masizi yanajaa kwa filta ya ekzosi. Waajiri wengi huweka hita ndogo ya dizeli kwa kebini, Webasto ama Espar, uliza kama lori yako inayo kabla hujasaini. Ile ya kilowati 2 ikiwa imefunguliwa yote inakula kama robo lita kwa saa, na kebini ikishapata joto inapunguza yenyewe. Hewa ya kuchoma inavuta nje na moshi unatoka nje, kwa hivyo kila jioni angalia theluji haijaziba hilo bomba.

Breki za upepo: toa maji kwa tanki za upepo kila siku, yakigandia ndani umekwama. AdBlue, ile maji ya kusafisha moshi wa dizeli, inaganda -11 lakini tanki yake ina hita, wewe washa gari uache iyeyuke, usiongeze kitu. Grili unaweza kuifunika na kifuniko chake, ila acha nafasi ya hewa na uangalie mshale wa joto.

SWALI: Bwanangu ni dereva, akilala Timboroa huingiza jiko la makaa kwa kebini na kufungua kioo kidogo. Anasema makaa yakishakuwa mekundu hayana shida. Ni kweli?
Mama watoto, Molo

JIBU: Si kweli mama, na hilo jiko litoke leo. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mtu analala na haamki. Kioo kidogo si cha kutegemea. Akiwahi kuamka kichwa kinauma na anataka kutapika, hiyo ndiyo ilikuwa inaanza. Apashe kebini na hita kabla ya kuzima injini, afunike kioo cha mbele na blanketi nzito kwa ndani manake joto jingi linatorokea kwa vioo, aingie na chupa ya maji moto. Ama alipe lojingi Burnt Forest, si pesa nyingi.

SWALI: Fundi, ati Ulaya dizeli inaganda wanaongeza mafuta ya taa? Na sisi tukiweka?
Tanboi, Kisumu

JIBU: Dizeli ina nta, ikipoa inakuwa kama mafuta ya kupikia yakigandia kwa chupa Molo mwezi wa Julai, na filta inaziba. Kwa hivyo nchi za baridi huuza dizeli ya msimu wa baridi iliyopunguzwa nta, na Marekani na Kanada kuna dizeli namba 1 ambayo kweli iko karibu na mafuta ya taa. Dawa ya kuzuia kuganda inawekwa kabla ya baridi, ikishaganda umechelewa. Sasa wewe Kisumu dizeli yako itaganda lini? Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, utazimaliza. Tena huo mchanganyiko ni hatia, ndio maana 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Bosi akikuambia uchanganye, mwambie akupe hiyo amri kwa maandishi.