Ukianza kuwajua kereng'ende wa Trithemis

Wewe unayeanza kusoma kereng'ende Afrika Mashariki, anza na jenasi ya Trithemis, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Ina spishi zaidi ya 40, nyingi za Afrika na chache za Asia. Utawakuta kwenye vijito, mabwawa, hata mifereji ya umwagiliaji. Tena dume ana kijiti au jiwe lake, na akiruka hurudi palepale. Kwa hiyo usimfukuze. Akiondoka, sogea hatua mbili taratibu, usimame, umngoje.

Mkao wake utakusaidia. Akitua hushusha mbawa na kuzielekeza mbele, na jua likiwa kali hunyanyua tumbo mpaka ncha ielekee juani, ili mwili usipate joto kupita kiasi. Wapo jamaa zake wanaofanya hivyo pia, basi lichukue kama dokezo tu.

Kwenye spishi ndipo wengi hukwama, kwa sababu hukimbilia rangi. Majike na madume wachanga wa spishi nyingi wana umanjano na ukahawia wenye michirizi myeusi, na dume hupata wekundu au ubuluu wake akishakomaa. Miezi ya mwanzo andika jina kamili kwa madume waliokomaa tu. Jike mwandike "Trithemis" uishie hapo, isipokuwa umemkuta amepandana na dume unayemtambua.

Wekundu unaweza kuwamudu mapema. T. arteriosa (T. ni kifupi cha Trithemis) ana tumbo jembamba lenye weusi ubavuni kuelekea ncha. T. annulata ni mpana zaidi, na wekundu wake umefunikwa na urujuani. T. kirbyi ana doa kubwa la rangi ya chungwa kwenye shina la kila ubawa, na hupenda kutua juu ya mwamba mtupu. Wote watatu wanapatikana mpaka Oman. T. annulata na T. kirbyi wameshavuka hata Mediterania. Huyu wa pili alionekana Hispania mwaka 2007.

Wa buluu na weusi ndio mtihani wenyewe. T. stictica ana macho ya samawati iliyopauka na michirizi ya manjano ubavuni mwa tumbo, lakini T. furva na T. dorsalis hutawatenganisha kwa picha iliyopigwa kutoka juu, hata iwe safi namna gani. Lazima utazame viungo vya kujamiiana vya dume, chini ya pingili ya pili ya tumbo. Mkamate kwa wavu, zikutanishe mbawa zake nne juu ya mgongo, uzishike kati ya vidole viwili, umtazame kwa lenzi ya kukuza mara 10, kisha umwachie. Ndani ya hifadhi hakikisha una kibali kabla hujautoa huo wavu.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: andika maji. Yanatiririka au yametuama? Pana kivuli, mawe, matete? Mwaka 2009 spishi mbili, T. morrisoni na T. palustris, zilipewa majina baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha kwamba kusini mwa Afrika zilikuwa zimejificha ndani ya kile kilichodhaniwa ni T. stictica peke yake. Utafiti wa jenasi nzima uliofuata ukaonyesha kwamba wekundu kwa kawaida ni wazururaji wa maji ya wazi, hata yale ya msimu, ilhali weusi wengi wamefungamana na mito na vijito, na maeneo yao ni finyu zaidi. Ndiyo maana kijito chenye dume mweusi nakipa kurasa nyingi kuliko bwawa lililojaa wekundu. Mti ukikatwa pale au maji yakichepushwa, huyo hana pengine pa kuhamia kirahisi.

Nenda jua likishapanda, si alfajiri. Kila dume mpige picha ya ubavu, ya juu na ya uso, na ya nne iwe ya mahali alipotua.