Ukianza kuzisoma Garratt za daraja la 59, anzia chini ya boila

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi kuzijua injini za mvuke za Reli ya Afrika Mashariki huja tayari na sentensi moja mdomoni: daraja la 59 ndizo zilizokuwa kubwa na zenye nguvu kuliko zote kwenye reli ya upana wa mita moja. Ni kweli, lakini ukubwa peke yake haukufundishi kitu. Anza na mlima, kisha reli, ndipo uje kwenye injini.

Njia inaondoka Mombasa usawa wa bahari na kufika Nairobi ikiwa imepanda zaidi ya mita 1,600, mwendo wa kilomita 530 hivi. Penye mwinuko mkali hupanda mita 15 kwa kila mita 1,000. Baada ya Vita Kuu ya Pili shehena zilirundikana bandarini Mombasa na injini zilizokuwepo hazikufua dafu. Ikatakiwa injini ya kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko huo. Reli nayo ilikuwa na masharti yake: upana wa mita moja tu, kona nyingi, na ekseli moja isizidi tani 21. Yaandike hayo kwenye daftari lako kabla ya kitu kingine chochote, maana injini nzima imejengwa kuyajibu.

Sasa nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ziko mbili pale, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Wageni wengi husimama mbele, wakapiga picha, wakaondoka. Wewe simama ubavuni, katikati, uiname utazame chini ya boila. Hakuna gurudumu hata moja. Boila imening'inia kwenye fremu yake, na fremu hiyo imeegemea vitoroli viwili vya injini, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na silinda zake mbili na magurudumu yake. Hilo ndilo wazo la Mwingereza Herbert Garratt, aliyelipatia hataza mwaka 1907, na injini za namna hii huitwa kwa jina lake. Kwa kuwa chini pako wazi, boila iliweza kunenepa na tanuri likashuka na kutanuka kadiri moto unavyotaka, jambo ambalo magurudumu yangelizuia kwenye injini ya kawaida. Uzito wote ukagawanywa kwa ekseli 14. Penye kona kila kitoroli hugeuka kivyake, na boila hukatisha juu yao kama ubao uliolazwa kwenye mikokoteni miwili.

Ukishaliona hilo kwa macho, ile namba ya mpangilio wa magurudumu, 4-8-2+2-8-4, haitakutisha. Tembea kutoka mbele hadi nyuma ukihesabu magurudumu, ukikumbuka kwamba yale manane-manane ndiyo yanayosukumwa na pistoni na mengine ni ya kubeba na kuongoza tu. Wengi huingia wakidhani ni injini mbili zilizofungwa pamoja. Boila ni moja, na moto ni mmoja.

Halafu fuata bomba la mvuke linapotoka kwenye boila kuelekea silinda. Lazima lipinde pamoja na kitoroli, kwa hiyo lina kiungo cha duara kinachozunguka. Kiungo hicho kikilegea, mvuke unapotea kabla haujafanya kazi. Tazama pia tangi la maji lililo juu ya magurudumu ya mbele. Maji yale ni mzigo unaoyakandamiza magurudumu yashike reli, na kadiri yanavyotumika mzigo unapungua, magurudumu yakawa mepesi kuteleza. Kwangu mimi hapa ndipo unapoanza kumheshimu dereva, kwa sababu alitakiwa apande na injini inayobadilika uzito chini yake.

Kwenye nyaraka, chunga vipimo. Injini 34 zilijengwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Tani 252 zinazotajwa kuwa uzito wa injini moja ni tani za Kiingereza, kila moja kilo 1,016. Nguvu ya kuvuta imeandikwa kwa ratili, 83,350, yaani kama kilo 37,800. Ukichanganya vipimo, hesabu zako zote zitakwenda kombo.

Ukibahatika kumpata mzee aliyezifanyia kazi, mwamkie, kaa chini, mwache aanzie anapotaka. Usimuulize kama injini ilikuwa kubwa. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, basi muulize alivyosoma rangi ya moshi: lini alifungua mafuta, lini aliyapunguza, alifanya nini masizi yalipoziba mirija ya boila. Nyaraka zimejaa majina ya wahandisi na magavana, lakini mpiga moto na mfagia masizi hawamo. Kazi ya kuwaandika ni yenu, na wazee wanapungua.

Kuhusu magavana, usiondoke bila kuitazama 6006 ya daraja la 60, iliyo makumbusho hayo hayo. Daraja hilo lilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na vibao vikang'olewa baada ya uhuru, ilhali za 59 zilibaki na majina ya milima yetu. Ni Garratt vilevile, mpangilio wa magurudumu ni uleule, ila ni nyepesi zaidi, kwa ajili ya njia zenye reli dhaifu. Chuchumaa tena ubavuni, linganisha unene wa boila na ile ya 5918, kisha rudi kwenye daftari lako ulikoandika tani 21.