Re: Nimeambiwa nipasuliwe mgongo, nitamjuaje dokta wa kuaminika?

Pole sana ndugu yangu, maumivu ya diski (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) kubana neva yanatesa. Umeuliza kama kutafuta dokta wa pili ni kumvunjia heshima wa kwanza, hapana kabisa, dokta mzuri hakasiriki, na akikasirika we chukua picha zako za MRI (picha zenyewe, sio ripoti tu) uende kwa mwingine asiyefanya kazi na huyo.

Awe wa mifupa au wa mishipa ya fahamu sio shida, wote wanapasua mgongo, cha msingi awe amebobea kwenye uti wa mgongo na opresheni hiyohiyo awe anaifanya mara kwa mara. Muulize waziwazi kafanya ngapi mwaka jana, wangapi walirudi kupasuliwa tena, na nisipofanya itakuwaje? Hilo la mwisho msikilize sana, maana diski nyingi hutulia bila kupasuliwa ndani ya wiki 6 mpaka 12 kwa dawa na mazoezi, na opresheni husaidia zaidi maumivu yanayoshuka mguuni kuliko ya mgongo wenyewe, sasa mtu anakuahidi utapona kabisa na hajakupima hata nguvu za miguu, mi huyo simwamini. Maswali yaandike, na nenda na mtu wako asikilize pia.

Ila ukianza kupata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma au ukawa unatoka wenyewe, hapo usitafute maoni ya pili tena, kimbia emajensi saa hiyohiyo.