Mbwa mzee, gari-nyumba na joto la Julai

Dada, umeuliza kama ni busara kumchukua mbwa wako mzee kwa gari-nyumba kutoka Columbus hadi Los Angeles mwezi Julai. Inawezekana, ila kitakachokutesa ni joto, umbali si kitu. Ukishavuka Oklahoma ukiifuata barabara kuu ya I-40, usimwache ndani ukaenda dukani kwa kutegemea kiyoyozi. Jenereta inayokiendesha huzima bila kuaga. Langu lilizima mchana mmoja huko New Mexico. Niliporudi baada ya dakika 20 nilimkuta mbwa wangu amejilaza sakafuni bafuni, ulimi nje, anahema kama mvukuto. Tangu siku hiyo manunuzi nayamaliza alfajiri. Lami nayo ipime kwa kiganja: ukishindwa kuvumilia, naye asiikanyage.

Gari likitembea afungwe mkanda wa kifuani, asije akajipenyeza miguuni mwa dereva.

Grand Canyon, lile bonde kubwa la Arizona, upande wa kusini mbwa anaruhusiwa kutembea njia za ukingoni, kamba isizidi futi 6. Kushuka bondeni, hapana. Na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe karibu, maana baadhi ya kambi hukiulizia mlangoni.