Muulize Daktari: Mafua kwa mwenye moyo wa QT ndefu

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka 9 ana QT ndefu (hitilafu ya umeme wa moyo), kairithi kwa baba yake, na anatumia propranololi, dawa ya moyo. Ana homa na mafua. Malaria hana, tumempima. Duka la dawa wamenipa azithromaisini. Nimpe?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usimpe. Azithromaisini ni antibiotiki, haiui virusi vya mafua, na huzidi kurefusha QT, yaani muda ambao moyo hujiandaa kwa pigo linalofuata. Muda huo ukirefuka mno, mapigo huvurugika na mtoto huzimia. Hatari hiyo imo pia kwenye erithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli, kwinini, na dawa za kuzuia kutapika kama domperidoni na ondansetroni. Soma na chupa ya dawa ya kikohozi: yenye difenhidramini au sudoefedrini irudishe.

Homa itulize kwa parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Akiwa na kilo 24 ni miligramu 360, yaani mililita 15 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5.

Propranololi msiikatishe ghafla. Lakini hapa pana mtego ambao wazazi wengi hawaambiwi: mtoto anayeitumia bila kula anaweza kushuka sukari, na dawa yenyewe huficha dalili zake, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Jasho hubaki. Mpe pamoja na uji. Akigoma kula au akiitapika, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msipunguze dozi kwa kukisia. Akiharisha, anzeni ORS mapema, kwani potasiamu ikipungua QT hurefuka. Akizimia, ni hospitali mara moja hata kama ameamka na kucheka.

Siku akikutwa na malaria, atibiwe, ila mtajieni daktari QT kwanza: lumefantrini iliyo kwenye dawa mseto nayo huweza kuirefusha QT.

SWALI: Mimi nina Brugada, ugonjwa mwingine wa umeme wa moyo. Ni yaleyale?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, kwako adui ni joto lenyewe. Homa ikifika nyuzi 38, meza parasetamoli gramu 1 (kama umezidi kilo 50), kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Isiposhuka, kapimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) homa ikiwa bado ipo. Ikishapoa kipimo kinaweza kutoka safi. Na kama unatumia kwinidini, dawa ya mapigo ya moyo, usikubali dawa ya UVIKO-19 yenye ritonaviri: hupandisha kwinidini kwenye damu hadi kiwango cha sumu.