Fomu ya mahudhurio niliijaza mimi

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji: "Fedha wanazopewa mkononi maskini wa vijijini zinawainua au zinawadekeza?" Swali nililisoma nikiwa ofisi ya walimu, rundo la madaftari mbele yangu, na madaftari yakalala bila kusahihishwa.

Hilo la kudekeza nitalimaliza upesi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na muda mrefu nimefundisha vijiji vya Kilolo, mkoani Iringa. Siku za malipo ya TASAF, mfuko wa serikali unaozigawa fedha hizo, nimezishuhudia tangu enzi za noti mezani na dole gumba kwenye wino. Kaya ya bibi na mjukuu mmoja wa shule ya msingi ilikuwa inapata shilingi 16,000 kwa mwezi: 10,000 ya msingi, 4,000 kwa kuwa kuna mtoto, 2,000 kwa kuwa mtoto huyo anasoma. Malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo 32,000. Toa deni la dukani, toa sabuni, chumvi, madaftari na kiberiti. Anayeona pa kudekea hapo aje anionyeshe. Na pombe? Walevi wapo, na walikuwapo kabla ya mradi. Kule Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa watu fedha bila sharti lolote, watafiti wakafuatilia, na hawakukuta kwamba watu wameongeza kununua pombe na sigara. Walikuta mabati na mifugo.

Linalonikereketa ni jingine, nalo hamkuliuliza. Ni masharti.

Mpango huo wa TASAF wa kunusuru kaya maskini haukuwa wa kugawa tu. Mtoto mdogo apelekwe kliniki, na wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Asipotimiza, malipo yanapungua. Anayeandika kama ametimiza ni mwalimu, na mwalimu huyo kwa miaka kadhaa nilikuwa mimi. Tena nilikuwa mtetezi wa masharti. Niliamini, na niliwaambia wazazi kwenye vikao, kwamba pesa isiyodai kitu haimpeleki mtoto darasani. Kabla mpango haujaenea nchi nzima ulijaribiwa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, malipo yakaanza 2010, na kaya zilizopata zilionekana kukata zaidi kadi za bima ya afya ya jamii na kuwanunulia watoto viatu. Viatu! Kwa mwalimu wa nyanda za baridi, hicho kilikuwa kielelezo tosha.

Mwaka 2016 nilikuwa na kijana mmoja darasa la sita. Mkimya, hesabu anazijua, anaishi na bibi yake mlimani juu, mwendo wa karibu saa nzima. Mwezi wa nane mwaka ule, baridi ya kuuma, asubuhi majani ya viazi yamepigwa sakitu, kijana akapotea. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Alirudi wiki iliyofuata siku ya Alhamisi, macho mekundu, sweta linanuka moshi. Nikamuuliza alikuwa wapi, akatazama chini. Nikamwita mtoro mbele ya wenzake. Mwisho wa mwezi nikajaza fomu: siku 22 za masomo, amehudhuria 15. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilijiona mwaminifu.

Siku ya malipo bibi akahesabu 28,000 mahali pa 32,000. Hakufanya fujo pale ofisini. Alifunga pesa kwenye ncha ya kitenge, akateremka mpaka shuleni, akaja kusimama mlangoni mwa darasa langu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwalimu, akasema ameambiwa zimepungua kwa sababu ya karatasi ya shule, naye anaomba aione hiyo karatasi. Kusoma hajui. Nikamletea rejista, kwa kuwa fomu zilishakwenda. Akaniambia, "Nioneshe siku zenyewe." Nikamwonesha alama saba, mstari mmoja, nne za wiki ya kwanza na tatu za wiki ya pili.

Akaweka kidole kwenye ya kwanza. "Hii alizaa usiku."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kidole kikihama alama kwa alama. Kwa malipo ya kwanza aliyopata, mwaka uliotangulia, alinunua kitoto cha nguruwe jike. Akamlea kwa pumba na maganda, akampeleka kwa dume la jirani, akahesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu kama wafugaji wote wanavyohesabu. Usiku wa kuamkia Jumanne ile nguruwe akazaa vitoto vinane. Uzao wa kwanza, mama mgeni wa shughuli, banda la mabanzi, upepo unapita. Kitoto cha nguruwe kikipigwa na baridi kinajisogeza kwa mama kutafuta joto, na mama akijigeuza anakilalia. Wa kwanza alikufa hivyo hivyo alfajiri. Bibi mgonjwa wa miguu, hawezi kuinama bandani. Kijana akaamua. Akaweka makaa kwenye sufuria bovu, akatandika nyasi kavu ndani ya sanduku la mbao, akawa anavitoa vitoto na kuvirudisha kunyonya, usiku na mchana, analala amekaa. "Hii ya pili, alikuwa huko. Hii, alikuwa huko. Hii Ijumaa nilimwambia aende shule, akasema bibi, nikienda watakufa wawili." Alipofika alama ya saba akaacha kidole pale. "Hapa wakawa na nguvu. Kesho yake akaja kwako."

Saba walipona. Watano aliwauza baadaye kwa 30,000 kila mmoja. Ile 150,000 ndiyo iliyoezeka chumba kimoja kwa bati, na sehemu aliyoificha ndiyo iliyonunua sare, daftari na godoro kijana alipokwenda kidato cha kwanza Januari 2018. Ada ilikwisha kufutwa, lakini nani asiyejua kwamba mtoto haingii sekondari kwa kufutiwa ada peke yake?

Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi. Pesa ilikuja ili bibi ajikwamue. Alikuwa anajikwamua, wiki ile ile, mle bandani, kwa mikono ya mjukuu. Mimi nikaandika kwamba ameshindwa sharti. Elfu nne ni kitu gani, mtu atasema. Mlimani kwetu mwaka ule ilikuwa vibarua viwili vya kupalilia. Lakini kilichoniuma zaidi ni lile neno mtoro. Kijana hakuwahi kunijibu kwa sababu alijua mbele ya wenzake nguruwe atakuwa kichekesho.

Nilipofika hapa nilitaka kuhitimisha kwamba masharti yafutwe. Kalamu imesita, kwa sababu ya binti mmoja.

Wenyeji wa Iringa mnajua jinsi watu wanavyokuja kutoka Dar kutafuta dada wa kazi. Huyu alikuwa darasa la sita pia, mwaka mwingine, miaka kumi na mitatu, na nauli imeshatolewa. Mama yake aliniambia mwenyewe kwamba alimjibu mgeni hivi: "Huyu ameandikwa kwenye karatasi ya mwalimu, akiondoka mimi nakatwa." Hakuwa na jibu jingine la kumpa, maana mgeni mwenyewe alikuwa ndugu wa mume, na ndugu wa mume huwezi kumwambia tu sitaki. Karatasi ikasema badala yake. Binti akamaliza la saba, na baadaye kidato cha nne. Je, bila sharti angebaki? Nadhani asingebaki.

Hapo jirani, Malawi, wilaya ya Zomba, jambo hili lilipimwa kwa wasichana kuanzia 2008. Wengine walipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine bila sharti. Wa sharti walibaki shuleni zaidi. Wasio na sharti, miongoni mwa wale walioacha shule njiani, mimba na ndoa za mapema zilikuwa chache zaidi, maana pesa iliendelea kuwafikia hata baada ya kuacha. Kwa hiyo sharti linamshika aliyeko darasani na kumwachia aliyekwisha kuanguka. Niliposoma hayo niliwaona wote wawili, binti wa karatasi na kijana wa bandani.

Basi jibu langu, na mnisamehe kama si la swali lenu. Fedha zinainua, hilo nina hakika nalo, ingawa ni kidogo mno na mara nyingine huchelewa mpaka mbolea imeshapitwa na msimu. Fomu ya mwalimu ibaki, nami nilianza barua hii nikidhani nitasema ichanwe. Ibaki kwa ajili ya mama kama yule, apate cha kumwonesha shemeji. Lakini isimkate mtu pesa kabla mwalimu hajapanda mlima kuuliza. Najua walimu ni wachache, najua darasa la watoto tisini halikuachii mchana wa kupanda milima. Mimi mwenyewe sikupanda, na njia naijua. Hata nafasi ya mstari mmoja kwenye karatasi ingetosha kuanzia, pa kuandika sababu. Mwezi wa nane 2016 ningeandika maneno mawili: nguruwe amezaa.