Timu ikipigwa kila wiki na wewe ndo kwanza unaanza kazi

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Marekani na mmebahatika kupata kazi kwenye timu ya futiboli ya chuo, ile ya helmeti na mpira wa yai, nawaandikia nyie. Msimu wangu wa kwanza stoo ya vifaa tulishinda mechi 3 tukapigwa 9, na hamna mtu aliyeniambia mapema kwamba kubeba mabegi si kitu, kazi ni kufika stoo Jumanne asubuhi wakati kila mtu ameshajua msimu umekufa.

Manake msimu wenyewe mfupi, mechi 12 tu, na kwa kawaida unatakiwa ushinde 6 ndo uitwe kwenye bouli, ile mechi ya ziada baada ya msimu, mwisho wa mwaka. Ukishapoteza 7 hesabu imefungwa na bado kuna mechi za kucheza, hapo ndo watu wanaanza kufanya kazi nusunusu.

Na msidhani haya ni mambo ya vyuo vidogo tu. Florida State mwaka 2023 walishinda mechi zote 13 mpaka wakabeba ubingwa wa ligi yao ya vyuo, ACC. Wachezaji 10 wa kikosi kile wakachukuliwa NFL, ligi ya kulipwa, akiwemo kotabeki wao, yule anayerusha mipira, Jordan Travis, na chuo kikaziba mapengo kwa wachezaji wa kuhamia toka vyuo vingine. Wakaanza 2024 wakiwa wa 10 kwenye orodha ya AP, ile ya waandishi wa habari ya kupanga timu bora, mechi ya kwanza kule Dublin Georgia Tech wakawapiga 24-21 kwa teke la mwisho kabisa, na kuanzia hapo ikawa mteremko mpaka wakamaliza wameshinda 2, wamepigwa 10. Walipopigwa 52-3 na Notre Dame, kesho yake kocha Mike Norvell akawaondoa waratibu, yaani makocha wanaosimamia ushambuliaji na ulinzi. Sasa fikiria yule kijana wa stoo, makocha wakubwa wameondoka na mechi 2 bado zipo, jezi zinatakiwa ziwe safi vilevile, na moja ya hizo mechi walishinda 41-7.

Mimi nilijifunza vibaya. Futiboli ya chuo kila timu inashambulia na mipira yake, kwa hiyo mvua ikinyesha nyie wa stoo ndo mnaikausha na kuibadilisha. Mechi yetu ya nane mvua, tuko nyuma pointi 20 na kitu, nikasema moyoni ya nini tena, nikarudisha uwanjani mpira niliofuta mara moja tu kwa taulo ambalo lenyewe limeshalowa. Ukamponyoka kotabeki mikononi, akaurukia, akaumia bega. Dogo wa mwaka wa kwanza, ile ndo mara yake ya kwanza kuingia mechini. Hakunilaumu, wala hakujua, lakini mimi najua, na toka siku ile nabeba taulo 6 kavu ndani ya mfuko wa nailoni hata kama jua linawaka.

Mambo mengine haraka. Kama una viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, mwisho wako masaa 20 ya kazi kwa wiki muhula ukiendelea, usikubali kuongezewa kimyakimya eti timu ina hali mbaya, viza ni yako. Mchezaji akitoka kupigwa usimuulize ilikuwaje, mpokee pedi zake mwambie pole basi. Ukisikia nani anataka kuhama, liishie hapohapo stoo, usirushe kwenye grupu.

Na mechi ya mwisho ikiisha msikimbilie nyumbani, helmeti zinapelekwa kukaguliwa na kukarabatiwa, kila moja unaikagua skrubu za mbele na pedi za ndani unaiwekea lebo. Mwaka ule nilikuta moja haina hata mkwaruzo, ya mchezaji ambaye hakuingizwa hata dakika moja msimu mzima. Nikaikagua kama zile nyingine, nikaandika namba yake vizuri.